Lenzi Kuukuu ya f/1.4 na Makosa Yanayoifanya Ipendwe

Miongoni mwa wapiga picha wa Kampala wanaoishi kwa kazi za harusi na kwanjula (sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya ndoa), wapo wanaobeba katika mkoba mmoja kamera ya dijitali ya kisasa na lenzi iliyotengenezwa kabla wao wenyewe hawajazaliwa. Kwa kawaida lenzi hiyo ina urefu wa fokasi wa milimita 50 au 58, tundu lake hufunguka hadi f/1.4 au f/2, haina mota ya kutafuta fokasi, na haipelekei kamera taarifa yoyote. Kila kitu huzungushwa kwa mkono. Ukiipima maabara, lenzi mpya ya bei ya chini huishinda katika mambo mengi. Hata hivyo wapo wateja wanaoziona picha zake na kuzitaka, na wapiga picha wanaoisifu husema kwamba lenzi hiyo ina roho. Hoja ya makala haya ni kwamba kinachopendwa ni makosa ya mwanga ambayo msanifu alishindwa kuyamaliza, na kwamba kila kosa lina sababu yake, lina sehemu yake ndani ya picha, na mengi yana namba ya f ambayo yakifikishwa hapo hunyamaza. Anayeyajua makosa hayo anaweza kuyaita anapoyahitaji na kuyafukuza asipoyahitaji.

Tuanze na tundu lenyewe. Namba ya f hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu linalopitisha mwanga, kama tundu hilo linavyoonekana ukiitazama lenzi kutoka mbele. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.4 ina tundu la karibu milimita 36, ilhali lenzi ya zumu inayouzwa pamoja na kamera za bei nafuu, ikivutwa hadi milimita 55, huishia f/5.6, yaani tundu lisilofika milimita 10. Mwanga unaofika kwenye kihisi cha kamera hupungua kwa mraba wa namba hiyo ya f, hivyo tofauti ya f/1.4 na f/5.6 ni mara 16. Jioni ya kwanjula, chini ya hema lenye balbu chache, mcheza ngoma ambaye kwa zumu angehitaji shata ya sehemu ya 15 ya sekunde, na kwa hiyo angetoka pichani akiwa mchirizi, hupatikana kwa sehemu ya 250. Ndiyo maana lenzi za namna hii huitwa lenzi za kasi.

Tamaa ya tundu kubwa ilianza zamani, wakati bamba na filamu zilipohitaji mwanga mwingi sana. Mwaka 1896 Paul Rudolph wa kampuni ya Carl Zeiss mjini Jena alisanifu lenzi ya Planar, ambayo vioo vyake vilipangwa karibu kwa ulinganifu pande mbili za tundu, nusu ya mbele ikiwa kama nusu ya nyuma iliyogeuzwa. Mpango huo, ambao mizizi yake ni wazo la mwanahisabati Gauss, una faida kubwa: makosa kadhaa yanayozaliwa na nusu moja hufutwa na nusu ya pili. Tatizo lake lilikuwa nyuso. Kila mahali ambapo kioo cha kawaida hukutana na hewa, takriban asilimia 4 ya mwanga hurudishwa nyuma, na lenzi yenye vioo sita katika makundi manne ina nyuso nane za namna hiyo, hivyo asilimia 72 hivi tu ya mwanga hupita moja kwa moja. Uliobaki hudundadunda ndani, na sehemu yake huishia kwenye filamu kama pazia la weupe. Msanifu mwingine, Ludwig Bertele, aliikwepa shida hiyo kwa njia nyingine. Lenzi yake ya Ernostar ya miaka ya 1920, iliyofungwa kwenye kamera ya Ermanox, ilimwezesha mpiga picha Erich Salomon kupiga picha bila taa ndani ya mahakama na kumbi za wanadiplomasia nchini Ujerumani. Na lenzi yake ya Sonnar ya f/1.5 iliyofuata mwaka 1932 iliunganisha vioo saba katika makundi matatu, nyuso zinazogusa hewa zikabaki sita. Kisha mwaka 1935 Alexander Smakula, pia wa Zeiss, akavumbua njia ya kufunika kioo kwa utando mwembamba unaopunguza mwanga unaorudishwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili utando ukawa jambo la kawaida, na mpango wa Gauss ukarudi kwa nguvu. Kutokana na Biotar ya Zeiss ya milimita 58, viwanda vya Kisovieti vilitengeneza Helios 44, iliyouzwa pamoja na kamera za Zenit. Nako Japani, kampuni ya Asahi ilitoa Super-Takumar ya milimita 50 yenye f/1.4 mwaka 1964. Lenzi kuukuu za kasi zinazotumiwa leo ni nyingi sana za ukoo huu.

Mwaka 1857 Mjerumani Philipp Ludwig von Seidel aliyapanga makosa ya lenzi, yale yanayotokea hata kwa mwanga wa rangi moja, katika mafungu matano: kosa la mviringo, koma (nukta huota mkia), astigmati (nukta huvutwa kuwa kistari), kupinda kwa uga wa fokasi (katikati na kona hazikazi pamoja), na kupotoka kwa umbo (mistari iliyonyooka hupinda). Jambo linalosahaulika, nami naliona kuwa ufunguo wa mambo yote, ni kwamba makosa haya hayakui kwa mwendo mmoja. Ukungu unaoletwa na kosa la mviringo hukua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo cha tundu, ule wa koma hukua kwa kipeo cha pili, na ule wa astigmati na wa uga uliopinda hukua sambamba na kipenyo chenyewe. Kupotoka kwa umbo hakujali tundu hata kidogo. Tena kosa la mviringo huikumba picha nzima kwa kiasi kilekile, ilhali astigmati na uga uliopinda huwa sifuri katikati na kuongezeka haraka kuelekea pembeni. Maana yake ni hii: ukifunga tundu kutoka f/1.4 hadi f/2, ukungu wa kosa la mviringo hushuka hadi karibu theluthi moja, ukifika f/2.8 hubaki sehemu moja ya nane, lakini ukungu wa astigmati umepungua kwa nusu tu. Kwa hiyo lenzi ileile ina sura tatu. Ikiwa wazi kabisa ina mng'ao laini picha nzima, kwenye f/2.8 katikati pamekaza lakini kona bado zina vurugu. Na kwenye f/8 ni vigumu mno kuitofautisha na lenzi nyingine yoyote.

Kosa la mviringo linastahili kukaliwa kitako, kwa sababu ndilo lililoipa lenzi ya kale sifa yake katika picha za uso. Uso wa kioo uliochongwa kama kipande cha tufe haukusanyi miale yote mahali pamoja: miale inayopita ukingoni hupindwa zaidi na kukutana karibu na lenzi kuliko miale inayopita katikati. Nukta ya mwanga iliyo kwenye fokasi kwa hiyo huchorwa kwa sehemu mbili, kiini kidogo kilichokaza na wingu hafifu linalokizunguka. Huu ni ukungu wa aina tofauti kabisa na ule wa picha iliyokosewa fokasi, kwa kuwa kiini kipo. Kwenye uso wa bibi harusi, kope na mstari wa wanja huonekana wazi kwa sababu ni mistari yenye utofauti mkubwa ambayo kiini hutosha kuichora. Vinyweleo na vitundu vya ngozi, ambavyo utofauti wake ni mdogo, humezwa na wingu. Programu za kulainisha ngozi hujaribu kufanya kazi hii, na zile mbovu hulainisha kila kitu sawasawa hadi uso ukafanana na plastiki. Kwenye ngozi nyeusi yenye jasho kidogo, pale ambapo mwanga wa hema hung'aa kwenye paji la uso na mashavuni, wingu hilohilo huutandaza mng'ao ule ili usiwe madoa meupe yenye kingo kali. Hapo nakubali kwamba lenzi kuukuu hufanya jambo zuri ambalo kazi ya kompyuta huliiga kwa taabu.

Kosa hilohilo ndilo linaloamua sura ya vitu vilivyo nyuma ya mtu. Taa iliyo mbali, nje ya fokasi, huchorwa kama duara. Iwapo miale ya ukingoni hukutana mapema, kama nilivyoeleza, basi kwa taa za nyuma miale hiyo huwa imekwisha kuvuka na kutawanyika zaidi inapofika kwenye kihisi, na duara hufifia taratibu kuelekea ukingo wake. Madaraja ya mwanga huyeyukiana na macho hupumzika. Lakini wasanifu wengi, wakitaka katikati ya picha pakaze kadiri iwezekanavyo, walitumia vioo vya kutawanya mwanga kusahihisha kosa hili hadi likapitiliza upande wa pili. Hapo mwanga hujikusanya ukingoni mwa duara, na taa za mbali hutokea kama vipovu vya sabuni. Anayepiga picha Wandegeya usiku, mbele ya vibanda vya rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) vyenye balbu tupu, na taa za magari na bodaboda nyuma, ataiona tofauti hii mara moja. Vipovu vichache hupendeza. Ila nyuma pakiwa na matawi, nyaya za umeme au majani ya mgomba yaliyochanika, kila mstari huchorwa mara mbili na mandhari huanza kugombana na uso wa mtu. Lenzi inayosifiwa kwa taa za usiku yaweza kwa hiyo kuharibu picha ya mchana bustanini, na hakuna ubishi kati ya watu wawili waliofikia hukumu kinyume. Kila mmoja aliijaribu mbele ya mandhari yake.

Mzunguko wa mandhari unaosifiwa sana kwenye Helios 44-2 una chanzo kingine. Vioo vimekaa ndani ya bomba lenye urefu fulani, na mwanga unaoingia kwa mshazari kuelekea kona hukatwa na kingo za bomba hilo, ule wa mbele upande mmoja na ule wa nyuma upande wa pili. Duara la taa lililo katikati ya picha hubaki duara, ila lililo pembeni huwa jembamba lenye ncha mbili, na urefu wake hulala kufuata mzingo wa picha. Astigmati, inayovuta nukta kuwa kistari, huongeza nguvu kwa mwelekeo huohuo. Jicho likiona mamia ya vijiduara vyembamba vimepangwa kuzunguka kitovu, huhisi kwamba mandhari yote inazunguka. Ili hali hiyo itokee ni lazima tundu liwe wazi, mtu awe umbali wa mita moja na nusu au mbili hivi, na nyuma yake, mita chache zaidi, pawe na vitu vidogo vingi vyenye utofauti wa mwanga. Bustani ya Mimea ya Entebbe, ambayo ilianzishwa mwaka 1898 na ina miti mikubwa inayopitisha jua kwa vitobo kati ya majani, ni kama ilipandwa kwa ajili ya kazi hii. Ukuta uliopakwa rangi moja hautaonyesha mzunguko wowote. Mimi huuchoka mtindo huu haraka. Ukishauona katika picha tatu za albamu moja, jicho huanza kuutafuta kabla ya kumtafuta mtu.

Makosa ya rangi nitayapitia kwa ufupi. Kioo hupinda bluu zaidi kuliko nyekundu, na ingawa wasanifu walijua kuoanisha aina mbili za vioo ili rangi hizo zikutane, tundu likiwa wazi kabisa kitu chenye mwanga mkali huzungukwa na zambarau, na kilicho nyuma kidogo ya fokasi huwa na kingo za kijani. Kanzu nyeupe iliyo juani na mkanda unaometa wa gomesi (vazi la kike la sherehe) ndivyo vitu viwili vitakavyoonyesha kasoro hii kuliko vingine vyote katika sherehe ya Kiganda. Kufunga hadi f/2.8 hupunguza sehemu kubwa, na kumhamishia bwana harusi kivulini husaidia zaidi.

Mwanga unaodundadunda ndani unahitaji tahadhari kwa sababu husifiwa isivyo. Utando wa tabaka moja wa miaka ya 1950 na 1960 ulipunguza mrejeo lakini haukuumaliza. Asahi ilianza kuuza lenzi zenye utando wa tabaka nyingi mwaka 1971. Mbingu nyeupe ya Kampala kabla ya mvua, au jua linalorudishwa na Ziwa Victoria nyuma ya mtu, huifanya lenzi ya tabaka moja isambaze weupe mwembamba juu ya picha nzima. Wengine husema kwamba weupe huo hufungua vivuli, na kwamba nywele na mavazi meusi huonekana vizuri zaidi. Vivuli hupanda kweli, lakini kinachoongezeka ni weupe ulio sawa kila mahali, ambao haubebi taarifa yoyote ya unywele wala ya kitambaa. Kwa mtu mweusi aliyesimama mbele ya mbingu nyeupe, matokeo ni uso wa kijivu. Kivuli cha mkono juu ya lenzi, au kofia yake ya plastiki ya kuzuia mwanga wa pembeni, hurudisha kina cha rangi bila gharama.

Super-Takumar ya f/1.4 katika toleo lake la vioo saba ina hadithi ya ziada. Ili kupata kioo kinachopinda mwanga sana bila kutawanya rangi kupita kiasi, watengenezaji waliongeza thoriamu, madini yenye mnururisho. Miongo ikipita, mnururisho huo huharibu mpangilio wa ndani wa kioo chenyewe na kukitia rangi ya manjano, hata lenzi ikafanana na miwani ya jua. Baadhi ya joto la rangi linalosifiwa kama tabia ya lenzi hii ni kioo kilichozeeka tu, na kwenye kamera ya dijitali kipimo cha weupe hulifuta kwa kubonyeza mara moja, huku hasara ya mwanga ikibaki. Mwanga wa urujuanimno hukisafisha kioo hicho, na nchi iliyo kwenye ikweta haina uhaba wake: lenzi huachwa juani kwa siku kadhaa, tundu likiwa wazi. Ila ni lazima sehemu ya nyuma izibwe kwa karatasi ya alumini, kwa kuwa lenzi ya f/1.4 iliyoelekezwa kwenye jua la saa sita mchana huwasha moto wa kweli, na lenzi isiachwe ipate joto hadi grisi iyeyuke na kutambaa kwenye vipande vya kufungia tundu. Kuhusu afya, mnururisho mwingi wa thoriamu huzuiwa na kitu chembamba kama karatasi, na aliyeshika kamera mbali kidogo na mwili hana sababu ya hofu. Asichopaswa kufanya ni kusaga au kuvunja kioo hicho, au kukitumia kama kioo cha kuchungulia kilichobanwa jichoni kwa muda mrefu.

Sura hizi zote hutegemea pia kamera iliyo nyuma ya lenzi. Lenzi nyingi za aina hii hufungwa kwa uzi wa skrubu uitwao M42, na zilihesabiwa kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Kamera zisizo na kioo cha ndani cha kupeleka taswira kwenye kitundu cha kuchungulia zina umbali mfupi zaidi, Sony ikiwa na milimita 18, hivyo pete tupu ya chuma hutosha kujaza nafasi. Canon za zamani kidogo zenye kioo, ambazo umbali wake ni milimita 44, hupokea pete nyembamba. Nikon zenye milimita 46.5 hazifiki fokasi ya mbali bila kioo cha ziada ndani ya pete, na kioo hicho huleta makosa yake yenyewe. La muhimu zaidi ni ukubwa wa kihisi. Kihisi kidogo, kama kile cha kamera nyingi za bei ya kati, hukata pembe za picha, na pembe ndiko mzunguko, giza la kona na koma vinakoishi. Anayenunua Helios kwa ajili ya mzunguko na kuifunga kwenye kihisi kidogo atapata lenzi nzuri ya uso inayoonyesha eneo kama la lenzi ya milimita 87, na atashangaa sifa aliyoisikia ilikwenda wapi.

Fokasi ya mkono nayo ina hesabu yake. Kwa f/1.4 na mtu aliye umbali wa mita moja, sehemu inayokaza ina kina cha sentimita 3 hivi: jicho limo, sikio liko nje. Tena, kwa sababu ya kosa la mviringo, bapa la fokasi bora husogea kidogo tundu linapofungwa, jambo ambalo Sonnar za f/1.5 zinajulikana nalo. Kwa hiyo fokasi itafutwe kwenye namba ileile ya f itakayopigiwa picha, skrini ikiwa imekuzwa. Wacheza ngoma wanaosogea hawafai kabisa kwa f/1.4, ile faida ya mara 16 niliyoitaja ni heri itumiwe nusu au robo, kwa f/2 au f/2.8.

Mnunuzi, mwishowe, hanunui jina lililoandikwa kwenye pete ya mbele. Hununua nakala moja ambayo imekwishapita mikononi mwa watu wengi. Unyevu wa maeneo ya ziwa huotesha ukungu wa kuvu unaokula utando, na tochi ikipitishwa ndani ya lenzi huonyesha nyuzi zake mara moja. Kipimo kingine hufanywa usiku: taa moja ya barabarani, mbali, ipigwe picha kwa tundu lililo wazi, kwanza ikiwa katikati, kisha katika kila kona. Katikati iwe nukta yenye wingu lililo sawa pande zote, na katika kona itaota mkia wa koma unaotazama ndani au nje ya picha. Mikia ya kona zote nne ikilingana, lenzi ni nzima, hata kama mikia yenyewe ni mirefu. Mkia wa kona moja ukizidi ya nyingine, fundi fulani aliwahi kuifungua akarudisha kioo kikiwa kimekaa upande, na kazi ya kukirudisha katikati huhitaji vipimo ambavyo mafundi wachache wanavyo.